Maarifa ya msingi ya urubani: mwongozo kamili kwa anayesomea leseni ya rubani binafsi

Mwanafunzi anaweza kukariri kitabu chote cha nadharia, akataja kila sehemu ya injini bila kukosea, halafu ukamuuliza kama ndege iliyo mbele yake itaweza kuruka mchana huu, kwenye njia hii, na abiria wawili, akabaki anakutazama. Swali hilo ndilo kazi ya rubani. Kwa hiyo mwongozo huu haufuati mpangilio wa kitabu. Unafuata jinsi maarifa yanavyotumika, kutoka kabla hujalipia somo la kwanza hadi siku injini itakaponyamaza angani.

Namba nyingi nilizotumia ni za Cessna 172S, kwa kuwa familia hiyo ya ndege imetapakaa kwenye shule za urubani karibu kila mahali. Ukijifunzia ndege nyingine, chukua namba kwenye kitabu chake. Hesabu ni zile zile. Mwendo nitautaja kwa noti, yaani maili ya baharini kwa saa. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa.

Hatua ya 1: Anza na daktari

Kabla ya kulipa ada yoyote kubwa, nenda kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako ukapimwe. Rubani binafsi anahitaji cheti cha afya cha daraja la 2. Ni afadhali ugundue tatizo la macho au moyo sasa kuliko baada ya kumaliza akiba yako kwenye masomo.

Masharti ya chini ya leseni yamewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: umri wa miaka 17, na saa 40 za kuruka, au 35 ukisoma kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, angalau 10 uwe peke yako, 5 zikiwa za safari, na safari moja ifike kilomita 270 na kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Nchi inaweza kuongeza yake juu ya hayo. Wanaomaliza kwa saa 40 kamili ni wachache, kwa hiyo panga bajeti ya zaidi.

Hatua ya 2: Lielewe bawa

Nguvu nne hufanya kazi kwenye ndege iliyo angani: nguvu ya kuinua, uzito, msukumo wa propela na ukinzani wa hewa. Ikiruka sawasawa bila kubadili mwendo, zinalingana mbili mbili. Hapo hakuna ugumu. Pa kukaa na kutafakari ni kwenye pembe ya bawa, yaani pembe kati ya bawa na hewa inayolijia.

Kadiri pembe hiyo inavyoongezeka, bawa huinua zaidi, hadi kufikia kama nyuzi 15 hadi 18. Ukivuka hapo, hewa inashindwa kuufuata mgongo wa bawa, inavurugika, na nguvu ya kuinua inaporomoka. Hiyo ndiyo stoli. Injini haihusiki hata kidogo. Inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zote na bawa likastoli vilevile. Wala mwendo mdogo peke yake sio chanzo. Bawa linaweza kustoli kwa mwendo wowote, hata pua ikiwa imeelekea chini, mradi pembe imepita kikomo.

Mbona basi kitabu kinataja mwendo wa stoli? Kwa sababu kinazungumzia ndege iliyonyooka, ikiwa na uzito ule, flapi (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kuongeza nguvu ya kuinua) zikiwa mahali pale. Ukikata kona bila kupoteza kimo, bawa linabeba mzigo mkubwa zaidi ya uzito wa ndege. Kwenye kona ya nyuzi 45 mzigo ni mara 1.41, kwenye nyuzi 60 ni mara 2. Mwendo wa stoli nao hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo huo. Cessna 172S iliyojaa uzito wake wote, flapi zikiwa juu, hustoli kwenye takribani noti 48. Ilaze nyuzi 45, namba inakuwa kama 57. Ilaze nyuzi 60, inafika 68.

Sasa ziweke namba hizo mahali zinapoua watu. Unakata kona ya mwisho kuielekea njia ya kutua, mwendo noti 65, kimo kama futi 500. Upepo umekusukuma na umepitiliza mstari wa njia. Mkono unataka kuilaza ndege zaidi ili irudi. Mguu nao unataka kubonyeza pedali ya upande wa ndani, pua izunguke haraka. Pua inaanza kushuka, unavuta usukani kuizuia, na pembe inaongezeka. Bawa la ndani linastoli kwanza, ndege inapinduka upande huo, na futi 500 hazitoshi kuiokoa. Kila kitendo kwenye mlolongo huo kilionekana cha busara kilipofanywa. Jiwekee sheria mapema: kwenye mzunguko wa kiwanja kona haizidi nyuzi 30, na ukipitiliza mstari, ongeza nguvu, panda, uanze mzunguko upya. Hakuna mkufunzi mwenye akili atakayekucheka.

Kujinasua kwenye stoli kunaanza na kitu kimoja: kupunguza pembe, yaani kuuachia usukani uende mbele. Nguvu ya injini na kunyoosha mabawa vinafuata. Ndege ikishaanza kuzunguka huku inaanguka, mpangilio wa kawaida ni kufunga throtoli (mkono wa nguvu ya injini), kuweka eleroni (vibao vya mabawa vinavyoilaza ndege) katikati, kubonyeza hadi mwisho pedali iliyo kinyume na mzunguko, kisha kusukuma usukani mbele. Mzunguko ukikoma, rudisha pedali katikati na uiinue pua taratibu. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti, fuata hicho.

Hatua ya 3: Soma vyombo, ujue vinavyodanganya

Kipimo cha mwendo kina rangi, na rangi hizo ni nusu ya unachohitaji kukariri. Kwenye 172S, mstari mweupe (noti 40 hadi 85) ni eneo la kutumia flapi zote. Kijani (48 hadi 129) ni uendeshaji wa kawaida. Njano (129 hadi 163) ni kwa hewa tulivu tu. Mstari mwekundu kwenye 163 hauguswi.

Kipimo hicho hulinganisha hewa inayoingia kwenye mrija ulio chini ya bawa na hewa tulivu inayoingia kwenye tundu la ubavuni. Mdudu akijenga kwenye mrija, utaona jambo la ajabu: mwendo unasomeka kuongezeka kadiri unavyopanda, na kupungua unaposhuka. Anayeamini namba hiyo ataendelea kuinua pua hadi astoli. Tundu la ubavuni likiziba, altimita inaganda kwenye kimo kimoja na kipimo cha kupanda na kushuka kinabaki sifuri.

Altimita yenyewe haipimi kimo. Inapima mgandamizo wa hewa na kuutafsiri kuwa futi. Ndiyo maana unaiwekea QNH, yaani mgandamizo wa eneo ulipo uliosawazishwa na usawa wa bahari. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni kama futi 27. Ukiondoka penye QNH 1020 na kuingia penye 1005 bila kuibadilisha, ndege iko zaidi ya futi 400 chini ya kile altimita inachosema. Penye vilima, hizo ndizo futi ulizokuwa unazitegemea.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya hewa na njia

Hapa ndipo wengi wanapochemka, na ni hesabu ya dakika mbili. Hewa ya kiwango, ambayo vitabu vyote vinaanzia, ina nyuzi 15 za Selsiasi na hektopaskali 1013.25 usawa wa bahari, na hupoa kwa takribani nyuzi 2 kila futi 1,000. Siku ikiwa na joto kuliko hapo, hewa inakuwa nyepesi, na ndege inajiona iko juu kuliko ilipo.

Chukua kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya bahari, mgandamizo wa kawaida, joto nyuzi 30. Hewa ya kiwango kwa kimo hicho ingekuwa na nyuzi 5. Tofauti ni 25. Zidisha kwa 120, unapata 3,000. Jumlisha na 5,000: ndege yako itafanya kazi kana kwamba iko futi 8,000.

Maana yake ni nini? Injini isiyo na turbo itatoa takribani robo tatu ya nguvu zake. Propela na bawa navyo vinashika hewa nyepesi. Halafu kuna hili ambalo macho hayakuambii: unainua pua kipimo kikisoma noti 55 kama kawaida, lakini magurudumu yanakimbia ardhini kwa kama noti 62. Mwendo mkubwa zaidi, nguvu kidogo zaidi, kwa hiyo njia inayohitajika ni ndefu zaidi sana. Fungua majedwali ya kitabu cha ndege, tafuta umbali wa kuruka na wa kuvuka kizuizi cha futi 50, kisha ongeza akiba yako. Majedwali yalitokana na ndege mpya mikononi mwa rubani wa majaribio. Wewe huna hata kimojawapo. Nyasi, tope, mteremko na upepo wa mgongoni vyote hula njia.

Hatua ya 5: Pima mzigo

Ndege yenye viti vinne si ndege ya watu wanne. Tuseme 172S yako ina uzito mtupu wa kilo 770. Kikomo chake cha kuruka ni takribani kilo 1,157. Imebaki 387. Jaza matangi, galoni 53 za Marekani zinazotumika, ambazo ni kama kilo 144. Umebakiwa na 243: watu wazima watatu wa kilo 80, na begi dogo. Anayetaka kiti cha nne kijae, apunguze mafuta na safari ifupike.

Kisha panga mzigo umekaa wapi. Zidisha kila uzito kwa umbali wake kutoka kwenye alama ya kupimia, jumlisha majibu, gawanya kwa uzito wote, upate kitovu cha uzito. Kikiwa mbele mno, utashindwa kuinua pua wakati wa kutua. Kikiwa nyuma mno ni hatari zaidi: ndege inakosa utulivu, na ikistoli pua inaweza kukataa kushuka.

Hatua ya 6: Soma hali ya hewa, uamue

Ripoti ya kiwanja, METAR, inatisha kwa mara ya kwanza tu. Hii hapa:

221000Z 24015G25KT 4000 RA BKN012 23/20 Q1012

Tarehe 22, saa 10:00 kwa saa ya kimataifa (UTC). Upepo unatoka nyuzi 240 kwa noti 15, ukivuma kwa vishindo hadi 25. Unaona mita 4,000. Mvua. Mawingu yamefunika sehemu kubwa ya anga, yaani sehemu tano hadi saba kati ya nane, futi 1,200 juu ya kiwanja. Joto 23, nyuzi ya umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kuwa matone) 20. QNH 1012.

Jihakikishie mwenyewe: tofauti ya joto na nyuzi ya umande ni 3, na kila nyuzi moja ni kama futi 400 za kimo cha wingu. Ni 1,200. Imelingana.

Tuseme njia ya kutua ni namba 27, yaani inaelekea karibu nyuzi 270 za dira. Upepo unaijia kwa pembe ya takribani nyuzi 30, na kwa nyuzi 30 nusu ya upepo inakuwa ya ubavuni: kama noti 7.5, na vishindo vikija, 12.5. (Kwa nyuzi 45 hesabu saba ya kumi, kwa 60, tisa ya kumi.) Upepo wa METAR hupimwa kwa kaskazini halisi, ule wa mnara kwa kaskazini ya dira, kwa hiyo palipo na tofauti kubwa kati ya hizo mbili, rekebisha. Kitabu cha 172S kinataja noti 15 za ubavuni kuwa ndizo zilizoonyeshwa kwenye majaribio. Ndege itaweza. Wewe mwenye saa 20?

Swali hilo hata halifiki. Anayeruka kwa VFR, yaani kwa kutazama nje, kwa kanuni za ICAO haondoki wala hatui kwenye kiwanja kilicho ndani ya eneo linalodhibitiwa kama wingu liko chini ya futi 1,500 au anaona chini ya kilomita 5, isipokuwa apewe ruhusa maalumu. Ripoti hii imefeli kotekote. Funga kitabu, uahirishe.

Kanuni hii si urasimu. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo wakawaingiza kwenye mazingira ya kuigiza mawingu. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Sikio la ndani halihisi kona inayoanza polepole. Linakuambia umenyooka huku ndege ikijizungusha kuelekea chini. Ukijikuta umeingia wingu, amini vyombo, kata kona ya nyuzi 180 taratibu, utoke ulikotokea.

Hatua ya 7: Izunguke ndege

Ukaguzi wa nje una orodha yake, uifuate mstari kwa mstari. Nitakaa kwenye mafuta peke yake. Chota kidogo kwa kikombe cha kupimia kutoka kila tundu la chini, inua kikombe kwenye mwanga. Petroli ya ndege aina ya 100LL ni ya buluu hafifu. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini yakionekana kama kiputo kisicho na rangi kinachoteleza ukiinamisha kikombe. Kikombe chote kikiwa hakina rangi, usishangilie usafi; huenda umechota maji matupu, au tangi limewekwa mafuta ya jeti. Kisha panda ngazi, fungua kifuniko, utazame kwa macho kiasi kilichomo. Geji za mafuta za ndege ndogo si za kuaminiwa peke yake. Akiba ya VFR ni dakika 30 mchana na 45 usiku, na mimi ningeichukulia saa nzima.

Ndege yenye kabureta ina adui mwingine: barafu inayojijenga ndani yake hata siku ya joto, kama hewa ina unyevu. Dalili kwenye propela isiyobadili pembe ni mizunguko kupungua bila wewe kugusa kitu. Vuta joto la kabureta lote. Injini itakohoa kidogo barafu inapoyeyuka. Usiogope ukalirudisha.

Hatua ya 8: Mzunguko wa kiwanja na redio

Mzunguko wa kawaida huenda kushoto, mara nyingi futi 1,000 juu ya kiwanja. Unaondoka ukikabili upepo, unakata kona, unarudi sambamba na njia upepo ukiwa mgongoni, unakata tena, kisha unaingia mstari wa mwisho. Nyuma ya ndege kubwa, kumbuka kwamba vimbunga vya ncha za mabawa yake hushuka chini na kutanuka pembeni: kaa juu ya njia aliyopita, utue mbele ya alipogusa.

Redioni sema nani unamwita, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Ruhusa ya kuingia njia, kuivuka au kusubiri kando yake, namba ya njia, QNH, uelekeo na namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada): vyote virudie kama ulivyoambiwa. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia moja ndani ya ukungu na watu 583 wakafa. Maneno ya redio yasiyoeleweka vizuri yalikuwa sehemu ya chanzo. Usipoelewa, uliza tena, hata kama mnara unaonekana kuwa na haraka.

Hatua ya 9: Safari

Chora mstari kwenye ramani, pima uelekeo, rekebisha kwa upepo na kwa tofauti ya dira, andika muda wa kila alama ya ardhini. Ukigundua umetoka nje ya mstari, tumia kanuni ya 60: maili moja pembeni baada ya maili 60 ni nyuzi 1. Umesafiri 30, uko 2 pembeni? Umekosea nyuzi 4. Zimebaki 30? Ongeza nyingine 4 kufika, kwa hiyo geuka nyuzi 8. GPS itakuambia hayo kwa haraka zaidi, hadi chaji iishe.

Hatua ya 10: Injini ikizima

Mpangilio ni huu daima: rusha ndege kwanza, chagua pa kwenda, ongea mwisho. Kwenye 172S weka noti 68, mwendo unaokupeleka mbali zaidi. Bila upepo utapata takribani maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000. Chagua shamba, utambue upepo unatoka wapi, kisha ndipo utafute chanzo: swichi ya mafuta, mkono wa mchanganyiko wa hewa na mafuta, pampu, magneto (zinazotoa cheche za injini). Muda ukiruhusu, weka transponda namba ya dharura, 7700, na kwenye masafa uliyopo, au yale ya dharura, 121.5, sema mayday mara tatu, jina la ndege, tatizo, mahali, kimo, unakusudia kufanya nini na mko wangapi.

Injini ikizima mara tu baada ya kuruka, pua inashushwa papo hapo na unatua mbele, ukikwepa kidogo kushoto au kulia. Kurudi kwenye njia kunataka kona ya zaidi ya nyuzi 180, bila nguvu, chini chini, na hesabu ya Hatua ya 2 inakusubiri katikati ya kona hiyo. Kwa hiyo kabla ya kufungua throtoli, sema kwa sauti: ikizima njia ikiwa bado ipo mbele, natua humo; ikizima nikiwa chini ya kimo nilichokubaliana na mkufunzi, natua mbele, kwenye shamba lile pale.